Picha ya Kumi na Moja

Nilikwenda na mkasi mfukoni.
Sikufichi. Mkasi wa kukatia kanzu,
niliunoa asubuhi ile ile
alipokuja Faki Juma dukani, hata salamu hakutoa:
"Mamako yuko ukutani, kule ghalani. Uchi."

Ghala bado lanuka karafuu,
ingawa gunia la mwisho lilitoka humo mie sijaoa.
Mize Shaame kapaka chokaa kuta tatu,
wa nne kauacha na hesabu za mizani, za makaa,
na picha kazitundika kwa mshipi wa kuvulia.
Ya kwanza makonyo juani. Ya pili kiatu juu ya jamvi.
Sikuzitazama. Nilifuata zogo.

Ya kumi na moja ni mgongo.
Uso hauna, jina halina. Kiunoni kanga,
na juu ya kanga ngozi, nyeusi na nyeupe,
kubwa kuliko mlango wa duka langu.
Kovu limeshuka kutoka bega la kushoto
kama mshono wa fundi mwenye haraka,
na ubavuni jamvi limejichapa
kwa usingizi wa mchana, ukili kwa ukili.

Mgongo ule niliujua kabla ya jina langu.
Nimeulilia, nimeukojolea,
nimemsikia kupitia mifupa yake
akigombana, akicheka, akihesabu pishi.
Kovu ni la mwaka tawi lilipovunjika Wete nzima ikasikia.
Nilikuwa na miaka sita.
Wiki ya tatu alikuwa mtini tena;
pishi hazijijazi.

Nyuma yangu wakisema.
Mwalimu Kombo: "Kuna sanaa, na kuna fedheha."
Mtu wa kamati kashika kanga mpya, ina mikunjo ya dukani,
atafuta mtu mrefu wa kuifunika picha.
Wakaniona. Wakanipisha njia.
Mtoto wa mwenye mgongo ndiye kadhi.

Sisemi haikuniuma.
Iliniuma pale panapouma haya, chini ya koo,
na mkono ulikuwa mfukoni.
Nikamuuliza Mize, "Alikubali?"
"Nilimwomba uso," akasema. "Akakataa.
Akaniambia, uso ulikuwa ukitazama tu,
kazi kaifanya mgongo. Akanigeuzia."

Mkasi ukawa mzito, kama uliosahau ulichokujia.

Nikawaambia, na sauti si yangu:
Mlipompunja kwa jiwe la mizani
hamkuona uchi.
Alipopanda mitini na gauni limechanika kwapani
hapana aliyekimbilia kanga.
Mgongo wenye gunia ni heshima;
huu uliotua mzigo, ndio wawatia haya?
Anayeona haya, ukuta wa hesabu ule, atazame huo.
Na weye, Mwalimu, kama picha yakuudhi
leta yako uitundike, misumari ipo.
Kufunika si kujibu.

Sikushinda, nisikudanganye.
Wapo walioitikia. Yupo aliyetema mate kizingitini.
Na kanga iliwekwa, jioni, kwa pini nne,
hakuna aliyetangulia kusoma jina lake:
MACHO HAYANA PAZIA.
Kesho yake foleni ilifika hadi kwa muuza mafuta ya taa.

Lakini usiku ule nilipita kwa mama.
Alikuwa akichambua mchele, taa karibu na goti.
"Umekwenda?"
"Nimekwenda."
"Kovu umeliona?"
"Nimeliona."
Akatoa chuya moja, akaitupa.
"Likoje? Miaka arubaini na kitu nalala nalo,
mie mwenyewe sijapata kuliona."

Nikajaribu. Nikasema limeanzia begani, likapinda,
nikalichora hewani, nikalifananisha na mshono,
na mto, na ufa. Akatikisa kichwa.
Akaweka ungo chini, akanigeuzia, kanga mabegani:
"Maneno mengi. Nionyeshe kwa kidole.
Na ukifika hapo katikati, nikune,
hapo ndipo sifiki."